Kitanda cha Mwanafunzi wa Udaktari katika Nchi ya Abagusii

Katika nchi ya Abagusii, desturi ya mwanafunzi wa udaktari kukodi chumba kwa mtu asiyemjua ni changa. Kabla yake, mwanafunzi wa tiba alilala kwanza nyumbani kwa ukoo wake, na baadaye akawa anapewa kitanda na serikali pamoja na nafasi ya masomo. Eneo dogo lililo kati ya ukingo wa Manga, upande wa kaunti ya Nyamira, na mji wa Kisii ulioko chini yake linatosha kuonyesha jinsi mambo yalivyogeuka.

Manga ina nafasi ya pekee katika kumbukumbu za Abagusii. Masimulizi ya wazee yanawaleta mababu kutoka pande za Kisumu na tambarare za Kano, yakawapitisha Kabianga na Trans Mara, kisha yakawapandisha kwenye vilima hivi vyenye mvua nyingi. Kwenye ukingo huo kuna shimo la Ngoro ya Mwaga, mahali palipoheshimiwa tangu kale. Katika boma la siku zile kila mtu alikuwa na mahali pa kulala kulingana na umri na hadhi yake. Kijana aliyekwisha kutahiriwa hakulala tena nyumba moja na wazazi wake. Alihamia esaiga, nyumba ndogo ya vijana. Wengine walikaa mbali katika ebisarate, kambi za kulindia ng'ombe, mpaka serikali ya Waingereza ilipozipiga marufuku mnamo 1912 na 1913. Mgeni alipokewa kwa sababu kulikuwa na mtu wa boma lile aliyejua ametoka kwa nani.

Elimu ya tiba ilifuata njia hiyohiyo. Abagusii walikuwa na mafundi wa kupasua kichwa, ababari, waliofungua ngozi na kukwangua mfupa wa fuvu la mtu aliyeumia, hasa aliyesumbuliwa na maumivu yasiyokwisha baada ya kupigwa. Upasuaji huo uliwashangaza madaktari wa Kizungu, nao wakauandikia makala katika majarida ya tiba tangu miaka ya 1950. Ujuzi ulipita zaidi ndani ya familia, kutoka kwa baba hadi kwa mwana, na mwanafunzi alijifunza kwa kushika taa, kuchemsha dawa na kutazama mkono wa mkubwa wake. Darasa na malazi vilikuwa chini ya paa moja, kwa hiyo swali la mahali pa kulala halikuzuka.

Mji wa Kisii, ambao wenyeji waliuita pia Getembe, ulianza kama kituo cha utawala cha Waingereza mnamo 1907. Mwanzo wake haukuwa wa amani. Januari 1908 kijana Otenyo, akichochewa na mwaguzi Moraa, alimchoma mkuki ofisa wa wilaya, G.A.S. Northcote, na kisasi cha Waingereza kikawa kikali. Northcote alipona. Alipanda cheo hadi kuwa gavana wa Hong Kong, na uzeeni akawa mwenyekiti wa baraza la Chuo cha Makerere, ambako bweni moja la wanafunzi lilipewa jina lake. Makerere ilianza kufundisha tiba mnamo 1924, na kwa takriban miaka 40 ndiko kijana wa Afrika Mashariki aliyetaka udaktari alikopaswa kwenda. Hivyo mtu aliyechomwa mkuki na Mgusii aliishia kuwa jina juu ya mlango wa bweni la wasomi wa Kiafrika. Baadaye bweni hilo likaitwa Nsibirwa.

Vita Vikuu vya Kwanza ndivyo vilivyouletea mji hospitali. Wajerumani waliingia Kisii Septemba 1914, mapigano yakafuata, na mnamo 1916 pakaanzishwa mahali pa kuwatibu askari. Kituo hicho kilikua kikawa hospitali ya wilaya, na leo ndicho Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Wamisionari walikuwa wametangulia kidogo: Wakatoliki wa Mill Hill walifika Nyabururu mnamo 1911, na Waadventista wakaweka kituo Nyanchwa mnamo 1912. Shule zao zilikuwa za bweni, na mazoea hayo yakakita mizizi. Mzazi wa Manga aliyempeleka mtoto shuleni alimkabidhi kwa padri, mchungaji au mwalimu, naye akajua hasa nani wa kumuuliza mtoto akipotea.

Utaratibu wa wauguzi na maofisa wa kliniki ulikuwa wa aina hiyo. Mafunzo ya serikali ya kada za afya yalianza Nairobi mnamo 1927, na ndiyo yaliyokuja kuwa Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya, KMTC, chenye sheria yake ya mwaka 1990 na matawi yake Kisii na Nyamira. Muuguzi mwanafunzi alilala katika hosteli iliyokuwa uani mwa hospitali. Alihesabiwa usiku, alipewa sare, na zamu yake ya alfajiri ilikuwa hatua chache kutoka kitandani. Maisha yalikuwa ya amri nyingi, lakini kodi ya nyumba haikumsumbua.

Nairobi ilipopata shule yake ya udaktari mnamo 1967, serikali ya Kenya ilichukua desturi ya Makerere: mwanafunzi wa chuo kikuu ni mkaazi wa chuo. Kuanzia 1974 pakawa na mkopo wa serikali, na fedha za matumizi zilizotoka humo wanafunzi waliziita "boom". Kitanda kikageuka kipimo cha elimu ya juu. Bodi ya pamoja ya udahili, JAB, ilichagua wanafunzi kwa kuhesabu nafasi za mabweni, hata mwenye alama za kutosha angeweza kukosa chuo kwa sababu vitanda vimekwisha. Mfumo huu ulisifiwa kwa kumtunza mwanafunzi, lakini ulimtunza yule tu aliyekwisha kupita mlangoni.

Mzigo ulianza kuulemea mfumo mnamo 1990, vyuo vilipopokea kwa pamoja kundi la mwisho la kidato cha sita na kundi la kwanza la mfumo wa 8-4-4. Mwaka uliofuata karo ililetwa na mwanafunzi akaanza kujilipia chakula. Bodi ya mikopo, HELB, iliundwa kwa sheria ya 1995. Mnamo 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua milango kwa wanaojilipia wenyewe, watu ambao bodi haikuwawekea kitanda chochote. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 udahili ukatenganishwa kabisa na idadi ya vitanda, na sheria ya vyuo vikuu ya 2012 ikaiweka KUCCPS mahali pa JAB. Maelfu ya vijana waliokuwa wakingoja nyumbani wakaingia vyuoni, na suala la malazi likahama kutoka ofisi ya msimamizi wa mabweni hadi kwa mwenye ploti.

Chuo Kikuu cha Kisii kilizaliwa katikati ya mageuzi hayo. Mwaka 1965 kilikuwa chuo cha walimu wa shule za msingi, kwenye ekari 61 zilizotolewa na baraza la Gusii. Mnamo 1983 kikapandishwa kufundisha walimu wa sekondari, 1994 kikawa kampasi ya Chuo Kikuu cha Egerton, Agosti 2007 kikawa chuo kishiriki, na Februari 2013 kikapata hati yake. Mabweni kiliyoyarithi yalikuwa ya kipimo cha chuo cha walimu. Shule ya sayansi za afya ilipoanza kufundisha udaktari, ilileta wanafunzi kutoka Mombasa, Turkana, Mandera na Nyeri, wengi wao wakiwa hawajawahi kukanyaga Gusii.

Waliowapokea ni watu wa Nyamage, mtaa unaopakana na chuo. Sababu iko katika ardhi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii, zaidi ya 900 kwa kila kilomita ya mraba. Nyamira walikuwa 605,576. Shamba limegawanywa kwa wana kizazi baada ya kizazi, mpaka kipande cha mtu kikawa hakitoshi ng'ombe wawili na mgomba. Kipande cha namna hiyo kikiwa karibu na lango la chuo, safu ya vyumba kumi huzaa kuliko ndizi na majani chai. Kwa hiyo mabati yakasimama penye migomba, kisha ghorofa zikasimama penye mabati, nyingine zikipachikwa kwenye miteremko mikali kiasi kwamba mtu huingia kutoka barabarani akiwa tayari ghorofa ya pili.

Aina za makazi zilijipanga zenyewe kufuata mfuko. Chini kabisa ni chumba kimoja chenye choo na bomba la pamoja uani. Juu yake ni bedsita, yenye choo chake na kipembe cha kupikia. Kando ni hosteli za watu binafsi, ambako wanafunzi wawili hadi wanne hugawana chumba, na kanuni za mgeni na saa za kufunga geti hukumbusha mabweni ya zamani. Wazazi wa wasichana huzipenda kwa sababu hiyohiyo. Anayetafuta huzunguka kwa miguu akisoma vibao vya "vyumba viko", au humwona keretaka, mtunza ploti, ambaye ndiye anayejua nani anahama mwisho wa mwezi. Huuliza kodi ya mwezi na diposti, yaani amana. Mwenye uzoefu huuliza pia mambo ambayo mgeni husahau: maji hutoka siku ngapi kwa wiki, mita ya tokeni za umeme ni yake peke yake au ya ploti nzima, na njia ya kwenda barabarani huwaje mvua ikinyesha. Kisii mvua hainyeshi kwa msimu mmoja tu, na tope lake jekundu si jambo dogo kwa mtu mwenye koti jeupe.

Kwa mwenye nyumba, swali kubwa lilibaki lilelile la boma la kale: huyu ni wa nani? Mwanzoni jibu lilitafutwa kwa kanisa, kwa mwalimu au kwa jamaa aliyefanya kazi mjini. Kitambulisho cha chuo kikachukua sehemu ya kazi hiyo, na M-Pesa, iliyoanza mnamo 2007, ikachukua nyingine. Mzazi aliye Lodwar hutuma kodi moja kwa moja kwa mwenye nyumba, na namba yake ya simu inatosha kuwa dhamana. Njia yenye nguvu zaidi, hata hivyo, ni mwanafunzi aliyetangulia. Anayehama humwonyesha keretaka mrithi wake, mara nyingi mtu wa kabila, kanisa au shule yake, na humuuzia pia godoro, jiko la gesi na meza.

Mwanafunzi wa udaktari hutofautiana na wenzake kwa muda na kwa saa. Kozi yake ni ya miaka sita. Miaka ya kwanza hupita chuoni, kwenye maabara na chumba cha anatomia, na Nyamage humfaa. Akianza wodi, siku yake huhamia hospitalini, mbali na mtaa huo, na zamu humshika usiku. Wengine basi huhama kuelekea mitaa iliyo karibu zaidi na hospitali, na wengine hubaki walipo wakitegemea bodaboda anayejulikana kwa jina. Likizo zake pia ni fupi, kwa hiyo hulipa kodi karibu mwaka mzima, wakati mwanafunzi wa ualimu anaweza kuacha chumba muhula ukiisha.

Mwana wa Manga hukabili hesabu nyingine. Mji uko karibu kiasi cha kufika kwa matatu asubuhi na kurudi jioni, na wapo wanaofanya hivyo mwaka wa kwanza na wa pili. Zamu za usiku ndizo huwatoa nyumbani.

Sheria imebaki nyuma ya mambo haya. Sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, humlinda mpangaji ambaye kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango kilichowekwa zamani na kupitwa na bei za bedsita. Aliye juu ya hapo hutegemea mapatano yake na mwenye nyumba, na mara nyingi mapatano hayo ni ya mdomo, yakiwa na risiti ya simu kama maandishi pekee.