Maporomoko Yasiyoonekana: Filamu Fupi na Historia ya Jinja

Mwaka 1862 John Hanning Speke aliyapa maporomoko ya Jinja jina la Ripon, ingawa wenyeji waliuita mto huo Kiyira. Mwaka 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la Owen Falls, leo Nalubaale, na maporomoko yakazama. Vitabu nilivyosoma shuleni vilisifu umeme, kilichopotea havikukitaja.

Nyanya yangu wa Kimaka, binti mdogo wakati huo, alinisimulia kwamba ngurumo ya maji iliponyamaza alikosa usingizi. Alifariki kabla sijairekodi sauti yake.

Ndiyo maana filamu yangu ya dakika nne haina wahusika wala kisa. Yaonekana maji matulivu tu, huku likisomwa shairi nililolitunga kutokana na masimulizi yake, kisha kimya.

Mwenzangu aliniuliza: je, hiyo ni historia? Naamini ni historia, japo ina udhaifu: ushahidi wake ni kumbukumbu yangu ya maneno ya marehemu. Nyaraka zimehifadhi siku ya ufunguzi. Ngurumo imebaki vichwani mwa wazee wachache. Tuwarekodi wangali hai.