Maneno Yaliyopitia Forodhani

Mwishoni mwa karne ya 12, mfanyabiashara wa Pisa aliyefuata nta na ngozi katika bandari ya Bugia, ambayo leo ni Béjaïa nchini Algeria, hakuwa na namna ya kuikwepa forodha. Wenyeji waliiita diwani. Humo mizigo iliandikwa, ushuru ukalipwa, na watu wasioelewana kwa lugha wakaelewana kwa hesabu. Wapisa walikuwa na karani wao pale wa kuwaangalizia mambo, naye akamwita mwanawe kutoka Italia aje ajifunze kuhesabu kwa tarakimu za Wahindi, ambazo Waarabu walikuwa wamezizoea. Kijana huyo aliitwa Leonardo. Dunia inamjua zaidi kwa jina la Fibonacci.

Yakitajwa maneno ya Kiarabu yaliyohamia Ulaya, watu hukimbilia wanajimu na wanafalsafa. Wanastahili sifa, lakini maneno yaliyokaa zaidi vinywani mwa watu wa kawaida yalibebwa na makarani, mabaharia na wapagazi wa bandarini. Ushahidi wa kwanza ni hiyo hiyo diwani. Waitalia waliigeuza kuwa dogana, Wafaransa douane, Wahispania aduana, na hadi leo msafiri anayeshuka Roma, Paris au Madrid hupita chini ya kibao chenye neno hilo. Waarabu nao walikuwa wamelichukua kwa Waajemi. Pwani ya Afrika Mashariki lilishika njia tofauti kabisa: diwani alikuwa mtawala wa mji huko Mrima, siku hizi ni mwakilishi wa kata, na pia ni kitabu cha mashairi. Ushuru wa bandarini ukaachiwa neno jingine la Kiarabu, forodha, ambalo Unguja limebaki hata katika jina la bustani ya Forodhani.

Mzigo ukishaandikwa huhitaji pa kuwekwa. Kwa Kiarabu ghala ni makhzan, neno la ukoo mmoja na hazina. Waitalia wakapata magazzino, na Wafaransa magasin, ambalo kwao sasa ni duka. Mwaka 1731 Edward Cave wa London alipoanzisha jarida lake, The Gentleman's Magazine, aliliona kama ghala la habari na makala za kila aina. Tangu hapo Waingereza wakazoea kuyaita majarida kwa jina hilo. Orodha ya viwango vya ushuru nayo iliitwa tariffa. Wapo wanaosimulia kwamba jina hilo limetokana na mji wa Tarifa, kusini mwa Hispania, ambako eti meli zilitozwa kwa nguvu. Hadithi tamu, lakini haina mashiko. Asili yake ni neno la Kiarabu la kujulisha, na anayesikiliza taarifa ya habari redioni kila jioni anaujua ukoo huo vizuri.

Mashabiki wa Arsenal walioko Nairobi na Dar es Salaam nao wana lao hapa. Mahali pa kuundia meli paliitwa kwa Kiarabu dar as-sina'a, yaani nyumba ya kazi za mikono. Venice ikalikatakata neno hilo hadi likawa jina la karakana yake kubwa ya merikebu, Arsenale. Baadaye lugha nyingine zikalitumia kwa ghala la silaha, na mwaka 1886 wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich, London, wakaunda timu ya mpira. Kwa hiyo ndani ya jina la klabu hiyo mmejificha ile ile "dar" ya Dar es Salaam, na kando yake sina'a, jamaa wa karibu wa sanaa yetu.

Leonardo aliporudi Pisa aliandika kitabu cha hesabu, Liber Abaci, mwaka 1202. Humo alieleza tarakimu tisa na alama ya kumi ambayo Waarabu waliiita sifr, kitu kitupu. Kwa Kilatini aliiandika zephirum, na Waitalia wakaifupisha polepole hadi ikawa zero. Lakini sifr ilikuwa imepenya pia kwa mlango mwingine, ikawa cifra kwa Wahispania, chiffre kwa Wafaransa na Ziffer kwa Wajerumani, safari hii ikiwa na maana ya tarakimu yoyote. Kutokana na uzao huo Waingereza wana cipher, maandishi ya siri. Si kila mtu alifurahia mambo haya. Mwaka 1299 chama cha wabadili fedha wa Florence kiliwakataza wanachama wake kutumia tarakimu hizo katika vitabu vya hesabu.

Hispania ina habari yake peke yake, kwa kuwa Kiarabu huko hakikuja na meli za biashara tu. Kilitawala na kulima. Alama yake inaonekana mwanzoni mwa maneno. Sukari kwa Kiitalia ni zucchero, kwa Kihispania ni azúcar. Pamba ni cotone kwa hao na algodón kwa hawa. Wahispania waliyapokea maneno mengi pamoja na kitangulizi chake, al, kama yalivyotamkwa na majirani zao. Kadhi akawa alcalde, na leo huyo ni meya. Mfereji wa kumwagilia ukawa acequia, na katika mji wa Valencia wakulima wa mifereji hiyo bado wana baraza lao la maji linalokutana kila Alhamisi mchana mbele ya mlango wa kanisa kuu na kuamua kesi kwa mdomo, bila karatasi.

Wanazuoni wa Toledo, waliotafsiri vitabu vya Kiarabu kwa Kilatini katika karne ya 12, wametuachia kitu kingine: makosa yaliyogeuka kuwa elimu. Wanahesabu wa Kiarabu walikuwa wamechukua istilahi ya Kisanskriti, jiva, na kuiandika kwa konsonanti tupu. Watafsiri wakaisoma jayb, ambayo ni kifua au uwazi wa vazi, wakaifasiri sinus kwa Kilatini. Ndiyo "sine" inayowatoa jasho wanafunzi wa sekondari. Nyota ya Betelgeuse nayo ilikuwa yad al-jawza, mkono wa Jawza, jina la Kiarabu la kundi la nyota la Orion. Msomaji mmoja aliona nukta mbili za herufi ya Kiarabu "ya" kuwa nukta moja ya herufi "ba", na mkono ukapotea.

Kuna maneno yaliyofika Afrika Mashariki mara mbili. Amiri aliletwa na Waarabu. Lakini cheo hicho hicho kilikuwa kimeshatua Palermo, ambako mfalme Roger II, aliyevikwa taji mwaka 1130, alimpa George wa Antiokia, mkuu wa majeshi yake ya baharini; kikazunguka Ulaya kama admiral, kisha kikaja kwa Kiingereza na kuitwa admeri.

Neno moja halikupita Mediterania kabisa. Mawsim, majira, Wareno walilisikia kwa mabaharia wa Bahari ya Hindi baada ya Vasco da Gama kufika Malindi mwaka 1498, wakalitamka monção, na kutoka kwao likawafikia Waholanzi na Waingereza. Kiswahili kilikuwa nalo tayari, msimu. Hata hivyo vitabu vya jiografia vya shule huandika "pepo za monsuni", na nahodha wa jahazi, Lamu au Unguja, huendelea kuziita kaskazi na kusi.