Malipo haramu katika mpira wa kikapu wa vyuo
Malipo haramu ni fedha, nauli, malazi au fadhila nyingine ambazo mchezaji hupewa na kocha, wakala au mshabiki, kinyume cha kanuni, ili avutwe kwenye chuo fulani. Nchini Marekani kanuni hizo husimamiwa na NCAA, chama cha michezo ya vyuo, ambacho kwa miongo mingi kilimhesabu mchezaji kuwa wa ridhaa, yaani asiyelipwa zaidi ya ufadhili wa masomo, hata pale kocha wake alipovuna mamilioni.

Kashfa iliyo karibu zaidi na Watanzania ni ya Chuo Kikuu cha Connecticut, alikochezea Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, ambaye mwenyewe hakuhusishwa. Machi 2009, timu ikiwa mashindanoni, iliripotiwa kwamba wakala aliyewahi kuwa meneja mwanafunzi wa timu hiyo alimgharimia kijana aliyesakwa na chuo malazi, chakula na usafiri. Februari 2011 NCAA ilimfungia kocha Jim Calhoun michezo 3, adhabu nyepesi iliyotumikiwa msimu uliofuata, chuo kikiwa kimeshatwaa ubingwa.

Katika UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, udanganyifu unaofanana na huo ni wa mamluki, yaani mchezaji anayechezea shule asikosoma.

Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo vya Marekani huruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao.