Chumba cha kupanga kina unyevu? Anzia nje ya ukuta

Mvua zinapokolea, kati ya Desemba na Aprili, wapangaji wengi hapa Mungaa na vijiji vingine vya Ikungi hukuta jambo lile lile. Ukuta unaloa kutoka sakafuni hadi usawa wa goti, rangi inabanduka, nguo zinanuka uvundo, na nyuma ya kitanda kunaota madoa meusi ya ukungu. Wengi hukimbilia kupaka rangi mpya. Baada ya wiki chache madoa yanarudi, kwa sababu maji yenyewe hayajaguswa.

Tofali hufanya kazi kama utambi wa koroboi: likikaa kwenye ardhi yenye maji, linayavuta juu. Ndiyo maana fundi makini hutandaza nailoni ngumu juu ya msingi kabla ya kupanda tofali. Nyumba nyingi za kupangisha hazina nailoni hiyo, na vyumba vilivyo upande wa chini wa mteremko ndivyo huumia zaidi. Ukiona unga mweupe kama chumvi sehemu ya chini ya ukuta, maji yanapanda kutoka ardhini. Doa likianzia juu, kagua bati na misumari yake.

Kuna unyevu mwingine unaotokana na sisi wenyewe: pumzi za watu wanne katika chumba kilichofungwa usiku kucha, nguo zinazoanikwa ndani, chungu kinachochemka. Ili kujua ni upi, bandika kipande cha nailoni ukutani kwa gundi ya karatasi, ukizibe pande zote, ukiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa chumbani, tatizo ni hewa. Fungua madirisha asubuhi na usogeze kitanda mbali na ukuta. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, maji yamo ukutani.

Hapo chukua jembe utoke nje. Udongo uliorundikana ukutani uondolewe mpaka uwe chini ya usawa wa sakafu. Chimba mfereji wa kupeleka maji ya bati mbali na nyumba, na karo la kuogea lisimwage maji kwenye msingi. Kazi hii ni ya siku moja au mbili, na kwa maoni yetu inasaidia kuliko ndoo tatu za rangi. Kuwa mwangalifu na plasta ya saruji juu ya tofali mbichi zilizoloa: hufungia maji ndani, kisha inabanduka vipande vipande. Subiri kiangazi ukuta ukauke.

Nani alipe? Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka mwenye nyumba ahakikishe chumba cha kuishi kinafaa kukaliwa na binadamu. Lakini kijijini watu ni majirani, na kesi ya chumba huacha chuki. Mwite mwenye nyumba aone mwenyewe wakati mvua inanyesha, si Julai. Mkikubaliana ununue gata au umlipe fundi na gharama ikatwe kwenye kodi, andikeni, msaini wote wawili, na risiti zitunzwe. Mkishindwa kuelewana, mwenyekiti wa kitongoji anaweza kuwakalisha.

Ukungu uliopo usiufagie ukiwa mkavu, maana vumbi lake huingia kifuani, na mwenye pumu au mtoto mchanga ndiye huathirika kwanza. Funga kitambaa puani, lowesha ukuta, sugua kwa maji ya sabuni, kisha uache ukauke madirisha yakiwa wazi. Ukuta wa udongo ukwangue na kuusiriba upya. Na tafadhali, msikaushe chumba kwa jiko la mkaa huku mlango umefungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Jambo linalotutia hofu zaidi ni magunia. Mpangaji wa chumba kimoja hulala na mahindi na karanga zake pale pale, yakiegemea ukuta uliolowa. Mwaka 2016, katika mikoa jirani ya Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walifariki kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye chakula, hasa mahindi. Sumu hiyo hutoka kwa kuvu. Weka magunia juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta kiasi cha mkono kupita. Hakikisha nafaka ni kavu: tia mahindi kidogo na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, chumvi ikigandamana kwenye chupa, rudisha mahindi juani. Yaliyokwisha kuota ukungu usiyasage wala kuyapikia pombe, kwa kuwa moto wa jikoni hauiondoi sumu hiyo. Usimpe ng'ombe wa maziwa pia. Sumu hupita hadi kwenye maziwa.