Ingco, Tolsen, Stanley au Knipex: Spana na plaizi ipi itadumu na fundi?

Ukiingia duka la vifaa Kariakoo, muuzaji atakutajia jina la kampuni kabla hujaishika spana. Jina linasaidia, ila geuza chuma usome kilichoandikwa.

Ingco, Total na Tolsen ni za China, bei zake fundi anayeanza anaziweza. Stanley ni ya Marekani tangu 1843, lakini usishangae kukuta yako imetengenezwa China au Taiwan. Ndiyo ilivyo siku hizi, na si lazima iwe mbaya. Knipex ni Wajerumani wa Wuppertal, wako kwenye plaizi tangu 1882. Bei yake inauma.

Kwa spana, tafuta herufi CR-V, maana yake chuma kimechanganywa kromu na vanadi. Ziwe zimegongwa kwenye chuma chenyewe, siyo stika. Spana ya chuma laini hupanuka mdomo, inateleza na kula kona za nati, halafu nati hiyo hata spana nzuri haiifungui tena. Omba nati mpya ya saizi yake hapo hapo dukani uipachike: ikicheza sana, irudishe. Kwa gereji ya mtaani, Ingco au Tolsen yenye CR-V inatosha kabisa.

Plaizi ni habari nyingine. Ifumbe uielekeze kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapita kati ya makali, waya mwembamba utakusumbua. Hapa Knipex inawaacha wenzake: meno ya plaizi yake ya Cobra yana ugumu wa kama 61 kwenye kipimo cha Rockwell, ndiyo maana yanang'ata bomba bila kuteleza.

Kama unafanya kazi za umeme, usiangalie bei kwanza. Tafuta alama ya pembetatu mbili na maandishi 1000 V kwenye mpini, na VDE ikiwepo ni bora zaidi. Ile plastiki ya rangi kwenye plaizi za kawaida ni ya kushikia tu, haikukingi na volti 230 za nyumbani. Ikipasuka hata ile yenye alama, achana nayo, usiifunge na selotepu.

Nyundo? Usimwage hela. Kinachowahi kuharibika ni mpini, na mpini unabadilishwa.