Uso Uliopewa Jina: Picha ya "Beatrice Cenci" na Mchango wa Fasihi

Katika jumba la Barberini mjini Roma imetundikwa picha ya rangi za mafuta ya karne ya 17. Msichana aliyevaa nguo nyeupe na kilemba cheupe amegeuza uso, anamtazama mtazamaji juu ya bega lake. Kwa muda mrefu ilisadikiwa kuwa huyo ni Beatrice Cenci, aliyekatwa kichwa mjini humo tarehe 11 Septemba 1599 kwa kushiriki katika mauaji ya babake Francesco, mtu aliyejulikana kwa ukatili. Ilidaiwa pia kuwa Guido Reni alimchora akiwa kifungoni.

Masimulizi haya hayawiani na historia. Reni, mwenyeji wa Bologna, alianza kazi zake Roma baada ya Beatrice kuuawa. Kilemba nacho ni vazi ambalo wachoraji wa Bologna walizoea kuwavika Masibila, yaani manabii wa kike wa kale. Baadhi ya wataalamu huiona picha hii kuwa kazi ya Ginevra Cantofoli, mwanamke wa Bologna aliyezaliwa mwaka 1618.

Ni nini basi kilichoupa uso huu jina na kulidumisha? Kwa kiasi kikubwa, ni fasihi. Shelley aliiona picha hiyo Roma mwaka 1819, akaandika tamthilia ya The Cenci mwaka huohuo, na katika utangulizi wake akausoma uso huo kama ushahidi wa upole na mateso ya Beatrice. Stendhal alisimulia kisa hicho mwaka 1837. Hawthorne akaiingiza picha katika riwaya yake The Marble Faun mwaka 1860. Waandishi hawa hawakuiona huzuni kwanza ndipo wakalijua jina. Jina ndilo lililowaonyesha huzuni.

Hata hivyo, kosa hili haliyafuti mateso yenyewe. Wakili wa Beatrice, Prospero Farinacci, aliyataja mbele ya sheria. Hayahitaji picha ili yaaminiwe. Linalodaiwa kwa mhakiki ni kutenga ushahidi na hisia. Ikiwa kweli mchoraji ni Cantofoli, basi huruma ya wasomaji kwa mwanamke mmoja imemnyima mwanamke mwingine kazi ya mikono yake.