Watoto Waliojigawia Afrika

Mchezo wa mtoto usiudharau.

Mwezi Juni mwaka 1826, kasisi mmoja wa kijiji cha Haworth, kaskazini mwa Uingereza, alirudi kutoka mjini Leeds na sanduku la askari 12 wa mbao. Ilikuwa zawadi ya mwanawe, Branwell Brontë. Dada zake watatu, Charlotte, Emily na Anne, nao wakajichagulia kila mmoja askari wake. Charlotte alikuwa na miaka 10, Anne 6. Mama yao alikwisha fariki, na dada zao wakubwa wawili walikuwa wamezikwa mwaka uliotangulia.

Kwa askari hao wakaunda ufalme wenye mji mkuu, watawala, magazeti na vita. Habari zake wakaziandika katika vijitabu vidogo kama kiberiti.

Na ufalme huo waliuweka wapi? Waliuweka pwani ya Guinea, Afrika Magharibi! Branwell akauchorea ramani. Katika hadithi zao, askari wa mbao wanawapiga Waashanti na kutwaa ardhi. Kumbe miaka miwili tu kabla ya zawadi ile, Januari 1824, Waashanti wa kweli waliwashinda Waingereza vitani na kumwua gavana wao, Sir Charles MacCarthy.

Mchezo ule ulizaa matunda. Mwaka 1847 dada hao walitoa Jane Eyre, Wuthering Heights na Agnes Grey, vitabu vinavyosomwa hadi leo. Kwa hilo tuwape heshima yao.

Lakini hadithi ya kutwaa ardhi nayo ikawa kweli. Mwaka 1874 majeshi ya Uingereza yaliuchoma moto mji wa Kumasi. Mwaka 1884 wakubwa wa Ulaya wakaketi Berlin kujadili Afrika, na mwenye nchi hakualikwa. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani wakapiga mstari uliowagawa Wamasai, huku Kenya, huku Tanganyika.

Hatusemi watoto wa Haworth ndio waliowatuma. Watoto walirudia tu yale waliyoyasoma na kuyasikia kwa wakubwa wao. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Basi mwanao akichora nchi yake sakafuni kwa chaki, usimgombeze. Mwulize swali moja tu: wenyeji wa hapo ni nani, na wamekubali?